Mvua Niliyoiomba

Tura, Jumamosi, 4 Desemba 1954

Shule imekwisha! Nimeteremka asubuhi na sanduku langu la bati. Baba alikuwa palepale stesheni, bendera ya kijani mkononi, lakini hakunisogelea mpaka treni ilipoondoka, kwa sababu kazi ni kazi. Kisha akaikunja bendera, akasema, "Umerefuka, Apolinaria." Nikasema, "Shikamoo, Baba." Yakaishia hapo. Watu husema nimemrithi yeye kwa ukimya.

Habari kubwa ni hii: nimepata nafasi ya kujifunza uuguzi katika hospitali ya misheni, Tabora. Natakiwa kuripoti Jumatatu tarehe 17 Januari. Sista alisema asiyefika siku hiyo nafasi yake atapewa mwingine, maana wasichana wanaongoja ni wengi. Nilipomwambia Mama, alisema "Vema," akaendelea kupepeta mtama.

Sijui kama amefurahi. Hata mimi sijui kama nimefurahi. Tangu juzi siwezi kusema ni furaha au ni woga. Labda vyote viwili vinalala chumba kimoja.

Jumatatu, 6 Desemba

Mvua nzuri. Tumepanda mahindi. Mgongo!

Alhamisi, 9 Desemba

Mzee Saidi yuko bado. Nilitumaini wamemhamisha. Yeye ni nyapara wa genge linalotengeneza reli, Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi. Mama anasema utani huo ulianza zamani za misafara, babu zetu walipobeba pembe za ndovu mpaka pwani na kupita katika vijiji vyao. Kwa hiyo Mzee Saidi ana haki ya kuingia jikoni kwetu, kufunua chungu na kula, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Akichukua kitu chetu lazima tukikomboe kwa bei anayoitaja yeye. Sisi nasi tuna haki hiyohiyo kwake.

Leo aliingia wakati naosha vyombo. "Mpagazi!" alipiga kelele. "Umerudi? Na mzigo wangu uko wapi? Babu yako alipewa mzigo Bagamoyo, mpaka leo haujafika!"

Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Nilisikia akimwambia Mama, "Huyu mmemfundisha nini shuleni, mbio?" Mama akamjibu, "Wewe kula viazi vyangu unyamaze, mvivu wa minazini, kwenu hata jembe mnaliamkia shikamoo kama mgeni." Wakacheka mpaka wakakohoa.

Baadaye Mama alisema, "Ukimkimbia mtani unamtukana. Mjibu." Nimjibu nini? Maneno hunijia kesho yake.

Jumapili, 12 Desemba

Baada ya sala kigangoni watoto wa jirani, walewale niliokuwa nikicheza nao kujificha likizo iliyopita, walinipa shikamoo. Nikajibu, "Asante." Bertila alicheka, akaketi chini kabisa.

Bertila ni rafiki yangu tangu tukiwa hatuna meno. Ataolewa baada ya Pasaka na kijana wa Isikizya. Amejifunga kitambaa kichwani kama mama mzima, na anatembea taratibu siku hizi, kama aliyebeba maji. Nilimwuliza kama haogopi. "Niogope nini? Ni nyumba, ina mlango kama nyumba nyingine." Naye hakuniuliza kama naogopa mimi, na nilishukuru.

Jumanne, 14 Desemba

Kumbikumbi! Ndoo nzima.

Jumapili, 19 Desemba

Uyoga umejaa porini. Tulikwenda mimi na Bertila tukajaza vikapu, na tuliporudi tulipita kwenye tuta la reli, pale tulipozoea kuteleza kwa makalio tulipokuwa wadogo. Nikasema, "Tuteleze." Bertila akatazama huku na huku. Akasema, "Watatuona." Hatukuteleza. Nilikuja nyumbani nina hasira, na sijui na nani.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Wali, kuku, na asali aliyotuletea Baba mdogo Alois kutoka Ipole. Mzee Saidi, ingawa si Mkristo, alikuja kudai "kodi ya Noeli", akaondoka na paja la kuku. Baba alikuwa akicheka peke yake mpaka jioni. Sikujua kwamba Baba anampenda Mzee Saidi. Kazini hawasemezani ila kwa bendera na filimbi.

Jumapili, 2 Januari 1955

Nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia mtu.

Leo Mama alianza kuzifua nguo zangu za safari na kuzianika, na kila alipotundika moja nilihisi kama ananitundika mimi. Huko Tabora nitalala chumba kimoja na watu nisiowajua. Nitaona damu. Nitaambiwa, "Wewe, sema!" mbele ya daktari, na sauti haitatoka. Hapa kila mtu ananijua kuwa mimi ni mtu wa kunyamaza, na hakuna anayenidai.

Basi kigangoni, watu walipopiga magoti, niliomba mvua. Sikusema neno lolote baya. Nilisema tu, "Bwana, ukipenda, mvua iwe nyingi." Lakini nilikuwa nafikiria reli. Reli ikikatika hakuna safari, na hakuna wa kunilaumu.

Jumatano, 5 Januari

Mvua.

Ijumaa, 7 Januari

Mvua mchana kutwa. Choo cha jirani kimedidimia.

Jumapili, 9 Januari

Mvua. Baba anasema maji yamefika kwenye mataruma, yale magogo yanayoshika reli, upande wa magharibi. Anasema hivyo akinywa uji, naye hajui anazungumza na nani.

Jumanne, 11 Januari

Reli imekatika!

Maji yamelichukua tuta zima pale penye kalavati, ng'ambo kidogo ya mashamba. Treni iliyotoka Dar es Salaam ilisimamishwa hapa stesheni kabla haijafika huko. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mara mia. Lakini abiria wote wako hapa. Tura haijapata kuona watu wengi namna hii! Kuna wafanyabiashara wenye marobota, mapadri wawili, na akina mama wenye watoto wanaolia kwa lugha nisizozijua. Kuku wao wamechangamana na kuku wetu, na tayari kuna ugomvi wa jogoo.

Kila nyumba imeambiwa ichukue wageni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama nikiomba tusipewe mtu, mara msichana mmoja akatoka kwenye kundi, sanduku kichwani, akasema, "Shikamoo, Mama. Naitwa Getruda, natoka upande wa Manyoni, sili sana, na kusaga naweza."

Mama akacheka. Akamchukua.

Getruda anaongea kama bomba lililopasuka. Kabla hatujafika nyumbani nilishajua majina ya kaka zake, ugonjwa wa mbuzi wao, na kwamba hapendi mlenda. Kisha akasema, "Nakwenda Tabora, hospitali ya misheni. Kusomea unesi. Natakiwa kufika Jumatatu."

Miguu yangu ilisimama yenyewe. "Na mimi," nikasema.

Aliangusha sanduku akanikumbatia katikati ya njia. Sijawahi kukumbatiwa na mtu niliyemjua kwa muda wa kutembea kutoka stesheni.

Jumatano, 12 Januari

Mvua nyepesi. Tumesaga, tumechota, tumepika. Getruda ameimba siku nzima.

Alhamisi, 13 Januari

Leo tulikwenda kuteka maji, na kisimani Getruda akanyamaza. Nikaogopa, maana hajawahi. Nikamwuliza ana nini.

Akasema mama yake mdogo alifariki akijifungua, njiani, juu ya machela, na yeye Getruda alikuwa akitembea kando ameshika kibuyu cha maji tu. "Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Toka siku hiyo nataka mikono yangu ijue. Sasa mvua hii, Apolinaria! Nikikosa Jumatatu watampa mwingine. Baba hataniruhusu mara ya pili. Mara ya kwanza tu nililia wiki nzima ndipo akakubali."

Akalia. Nami nikamwambia. Nilimwambia yote, lile ombi la kigangoni, na reli niliyokuwa nikiifikiria. Nilidhani atanimwagia maji.

Akanitazama, kamasi zikimtoka. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Treni nzima! Na mapadri wawili! Wote umewazuia wewe na kimya chako hicho?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye matope. "Basi kama maombi yako yana nguvu hivyo, hebu omba jua, bibi wee! Omba sasa hivi!"

Tukapiga magoti wote wawili pale kisimani kama wendawazimu, tukaomba jua. Na nilipokuwa nikiomba, niligundua kwamba naomba kweli. Nataka kwenda! Nataka mikono yangu ijue. Woga bado upo, haujahama hata kidogo, lakini sasa unatazama upande mwingine. Naogopa kubaki.

Ijumaa, 14 Januari

Hakuna jua. Hakuna mvua pia. Hiyo ni nusu ya jibu.

Habari za leo: treni itatoka Tabora ije Goweko na kungoja huko. Genge la Mzee Saidi limefunga kamba na kupanga magogo kwenye ile sehemu iliyobomoka ili mafundi wavuke kwa miguu. Ng'ambo kuna kiberenge chao, kigari cha kupita relini, kinachokwenda Goweko kuchukua vyuma. Abiria watavushwa tuta likishajazwa, labda Jumatano. Jumatano!

Getruda alimkimbilia Mzee Saidi palepale, akamwomba kwa heshima zote atuchukue kwenye kiberenge. Akakataa. Alisema, "Binti, kiberenge si basi. Ni cha watu wa reli na jamaa zao."

Lakini mimi si jamaa wa mtu wa reli? Jioni nilimwambia Baba hivyo. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizopata kumwambia. Akatazama mikono yake. "Kazini Saidi ni mkubwa wangu," alisema. "Nikimwomba kwa ajili ya mtoto wangu, kesho kila mtu atamwomba. Siwezi kumtia mwenzangu katika taabu hiyo."

Nilitaka kumkasirikia. Sikuweza, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo ningesema mimi.

Jumamosi, 15 Januari

Bertila alikuja kuniaga, ingawa hakuna anayejua kama naondoka. Tulipokuwa peke yetu alivua kile kitambaa chake, akakunjakunja, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikudanganya. Naogopa mpaka sili." Halafu akaniambia kwamba hajawahi kuzungumza na yule kijana wa Isikizya zaidi ya salamu. Na mimi wakati wote nilidhani amenitangulia ukubwani akafunga mlango! Nilimwambia amwambie mama yake kwamba anataka kuzungumza na kijana kwanza. Akasema, "Nani, mimi?" Nikasema, "Nani mwingine?" Nikashangaa mdomo wangu.

Kisha nikamkuta Mama akinifungia matoborwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, mfuko mzima. "Vya nini, na reli imekatika?" nikamwuliza.

Aliendelea kufunga. "Nami niliomba mvua," alisema. "Toka ulipoteremka treni. Nilisema, Bwana, siku chache zaidi tu, nimtazame. Ilipokatika reli nilifurahi, halafu juzi niliwafuata kisimani, nikawasikia, nikamwona yule mtoto wa watu analia, nikaona aibu." Akakaza fundo kwa meno. "Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye maji. Kama huwezi kusema, mimi pia sitakusemea. Lakini tutakuwa pale."

Kumbe ile "Vema" ya siku ya kwanza ilikuwa na mambo yote haya ndani yake!

Goweko, Jumapili, 16 Januari

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku langu, chini ya paa la stesheni ya GOWEKO! Kiberenge hutikisa mpaka meno! Acha nianze mwanzo.

Tulifika asubuhi kwenye sehemu iliyobomoka, mimi, Mama na Getruda. Baba alikuwa zamu hapo na bendera yake. Reli zilikuwa zikining'inia hewani na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa, na chini yake maji mekundu yakipita. Kando, vijana wa genge walikuwa wameipua sufuria kubwa ya ubwabwa, na Mzee Saidi alikuwa akinawa mikono tayari kula.

Alituona na masanduku yetu. "Rudini, mabinti. Nilishasema."

Getruda alishakataliwa mara moja. Baba akatazama chini. Mama hakusema neno, kama alivyoahidi. Wakati ule niliona waziwazi kwamba hakuna mtu mwingine. Nikamwona Mzee Saidi akikunja mikono ya shati, nikaona ile sufuria. Nikaenda nikakaa juu yake.

Nilikaa juu ya kifuniko, kwa gauni langu la safari. Kilikuwa cha moto! Sikuonyesha.

"Mpagazi," alisema Mzee Saidi taratibu, "inuka hapo."

"Siinuki. Sufuria imetekwa."

Vijana wote wakaacha makoleo. Mzee Saidi akanyoosha shingo kama ambaye hakusikia vizuri.

"Imetekwa na nani?"

"Na Mnyamwezi," nikasema, na sauti ilitoka! "Babu zangu walikuja kwenu kwa miguu na pembe mabegani, wakawakuta nyinyi mmelala chini ya mnazi, mnangoja nazi ianguke, ijifue, ijikune yenyewe!"

Genge zima likapasuka kwa kicheko. "Nyapara, umepatikana!" mmoja akapiga kelele. "Amekungoja miaka yote hiyo kumbe!" Mama alikuwa ameziba uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Baba alijifanya anaitazama bendera yake.

Mzee Saidi alijitahidi kununa, akashindwa. "Haya, mteka sufuria. Niikomboe kwa kitu gani? Kuku? Shuka?"

"Ubebe sanduku langu. Kichwani. Mpaka ng'ambo, kwenye kiberenge. Na la huyu mwenzangu."

"Mimi? Nyapara? Mzaramo ambebee Mnyamwezi mzigo?"

"Ubwabwa unapoa," nikasema.

Alizunguka pale akinung'unika na kuapa kwa majina ya ukoo wake wote. Halafu akageuka akawa nyapara tena, akakagua ile kamba kwa mikono yake, akamwuliza kijana mmoja kama magogo yamekazwa, akanitazama machoni. "Wewe ni binti wa Ambrosi wa reli, una haki. Huyu je?"

"Ni ndugu yangu. Amelala kwetu, amekula kwetu, na mlenda wetu ameutukana."

"Basi ni ndugu," akasema.

Akajitwika sanduku langu, la Getruda akampa kijana mmoja abebe. Wallahi, akajitwika! Vijana wakapiga mbinja na kuimba ule wimbo wa kubeba mizigo, na mmoja akamwuliza kama amepewa posho ya njiani kama wapagazi. Tulishuka kwenye magogo tumeshika kamba, maji yakinguruma chini ya miguu, Getruda nyuma yangu akisali kwa sauti. Mzee Saidi alikuwa mbele, sanduku kichwani, akitembea imara kabisa.

"Huyu mwenzako aliniomba kwa Kiswahili cha ofisini," alisema bila kugeuka, "nami nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisini. Ambrosi hawezi kuniomba, najua, ni mtu wa haki. Nilibaki nakungoja wewe. Nikasema, mtoto huyu akiendelea kukimbia nyuma ya nyumba, huko Tabora nani atamsikia?"

Mtu niliyemkimbia miaka yote hii!

Tulipofika ng'ambo niligeuka. Mama alikuwa amesimama ukingoni kabisa, na Mama, ambaye hupaza sauti kwa watani tu, alikusanya mikono mdomoni akapiga kelele juu ya maji yote yale: "Apolinariaaa! Ukilala usijifunike kichwa! Utakosa pumzi!" Baba kando yake akainua bendera ya kijani, akaishikilia juu mpaka tulipopinda, ingawa hakukuwa na treni yoyote.

Nililia na kucheka, na upepo wa kiberenge ukanikausha vyote.

Tabora, Jumatatu, 17 Januari

Tumefika! Kabla ya saa sita mchana, kwa treni iliyoleta vyuma Goweko, tumejaa vumbi la makaa, na nyuma ya gauni langu kuna duara la masizi ya sufuria ambalo halitatoka milele. Sista hakuuliza. Alitupa aproni mbili nyeupe, akatuonyesha vitanda vyetu, akasema wengine wa upande wa mashariki wamekwama na leo wodi haina mikono, kwa hiyo twende tukafagie.

Tulikuwa tunafagia wodi ya akina mama wakati mama mmoja wa kitanda cha dirishani alipoita, "Nesi!"

Tuliacha kufagia. Tukatazama mlangoni, tukatazama kule mwisho wa wodi, tukimtafuta huyo nesi.

"Nesi, nisaidie, nataka kutapika!"

Hapakuwa na mtu mwingine. Nikatupa ufagio, nikachukua beseni, nikakimbia.